Mkurugenzi wa Fremu Moja

Sitasema alizaliwa wapi, na si kwamba namfichia. Kila aliyemuuliza alipewa jibu lake. Wateja wakitoka Usevya, yeye alikuwa mtu wa Usevya, amekulia kwenye majaruba ya mpunga. Wakitoka Kabungu, bibi yake mzaa mama alikuwa wa Kabungu na wajomba bado wako huko wanalima mahindi. Siku moja walikuja watu wa pande zote mbili kwa wakati mmoja, nikaweka mkasi chini ili nisikie atatokaje. Akawauliza kama wameshakunywa chai.

Mtaani kwetu, upande ule wa stesheni ya treni hapa Mpanda, tulimwita Mkurugenzi, kwa sababu ndivyo alivyoandika juu ya mlango. Alikuwa na fremu moja ya kukodi, meza moja, na stoo ya mabati uani iliyojaa maturubai, viti vya plastiki na masufuria ya kupikia wali wa watu wengi. Kazi yake ilikuwa kukodisha vitu hivyo kwa wenye harusi na wenye misiba. Mfanyakazi hakuwa naye, ukiacha vibarua wa kupakia gari. Nilimuuliza wakati fulani anamwongoza nani.

"Naongoza ofisi," akasema. "Wewe unaongoza cherehani, mbona sikuulizi?"

Mimi nilikuwa fundi cherehani wa fremu ya jirani. Ukuta wetu ulikuwa mmoja, na wenyewe haukufika darini, kwa hiyo nilisikia kila kitu, naye alijua kwamba nasikia. Akimhitaji mtu wa kunyanyua meza aligonga ukuta kwa kiatu. Miaka yote ya ujirani wetu nadhani niliinyanyua ile meza mara nyingi kuliko nilivyonyanyua pasi, maana yule mama alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuridhika kamwe na jinsi ofisi yake ilivyokaa.

"Fundi, njoo. Meza imenuna."

Kwake meza ilinuna, kabati lilisukuma watu, mlango ulikuwa na haraka. Ukimwambia kwamba meza haina uso, alikushika mkono, akakusimamisha mlangoni na kukulazimisha uangalie. Na ukiangalia kwa muda, ukiwa na njaa kidogo, ulianza kuona kweli kwamba ile meza imenuna. Basi mnaigeuza. Anarudi mlangoni, anaingia upya kama mteja, anajikaribisha mwenyewe, anakaa, anasimama, anasema bado. Mnaigeuza tena. Mara nyingi ilirudi palepale ilipokuwa asubuhi, na hapo ndipo alipopiga makofi na kusema, "Umeona sasa?"

Fedha ya kubadilisha mambo hayo haikuwepo, na hilo hakulificha. Lakini aliizungumzia bajeti yake kama mwanamke anavyomzungumzia mume mkali aliyeko nyumbani. "Ngoja nikaiulize bajeti." Kesho yake anakuja na uso mrefu: "Bajeti imekataa." Au: "Bajeti imesema nitafute cha bure kwanza." Nilizoea mpaka nikawa naisalimia. Nikimwona anafungua mlango asubuhi nilimuuliza bajeti imeamkaje, naye alijibu kwa heshima kabisa kwamba imeamka, ila inaumwaumwa.

Ile ofisi yote, kwa hiyo, ilitoka kwenye vitu ambavyo watu wengine walishavikatia tamaa. Rangi ya ukuta ilikuwa mabaki ya makopo ya mafundi rangi, aliyoyazungukia nyumba kwa nyumba na kuyamimina yote kwenye ndoo moja. Ikatoka rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nusu ya chini ya ukuta aliikoleza zaidi, kwa sababu ya vumbi letu la kiangazi ambalo hupanda ukutani bila kuombwa. Ikapendeza. Wenye fremu wawili watatu wakamwomba awachanganyie kama ile, akaahidi, lakini hakuipata tena hata siku moja. Na kwa kuwa ndoo iliisha kabla ya ukuta kwisha, nyuma ya kabati palibaki simenti tupu. Ndiyo maana katika vitu vyote vya ofisi ile kabati peke yake halikuwahi kuhama. Kwa wageni alisema limekaa kimahesabu.

Mbao zilikuwa mabanzi ya mninga, yale ya pembeni yenye magamba ambayo wapasua mbao huyaacha yachukuliwe na wenye kutafuta kuni. Aliyachagua mwenyewe, akiyagonga na kuyanusa, kisha akampa seremala ayarande atengeneze benchi la wateja. Seremala alikuja na futi. Mkurugenzi alikuja na kanga. Hakuamini futi, alisema futi haijui mtu anavyokaa. Alipima ukuta kwa kanga moja na pindo, akampa seremala ile kanga aende nayo, na mke wa seremala, kwa wema, akaifua. Sijui ni kanga ya aina gani ile, inayosinyaa kwa maji. Benchi lilirudi limepungua nafasi ya mtu mzima mmoja.

Tulilitazama wote watatu.

"Mama, mimi nimefuata kanga," seremala akasema.

"Umefuata vizuri, baba. Kamati za harusi zina watu wengi mno. Hili litawapunguza."

Asidhaniwe kwamba alikuwa mtu wa mpango kila mahali. Nilifika kwake nyumbani mara moja, kumpelekea funguo alizosahau, nikakosa pa kukaa. Viti vyote vilikuwa vimekaliwa na masufuria, vikapu, magazeti na jogoo mmoja. Alitoa sufuria kwenye kigoda, akakifuta kwa mkono, akaniambia nisishangae, nyumbani hana wateja. Wala asidhaniwe kwamba alipenda harusi. Aliishi kwa harusi na hakuzivumilia. Alikwenda kuhakikisha turubai limefungwa sawasawa, akala chakula, na akaondoka kabla keki haijakatwa, akisema ule muziki unamharibia viti. Na huyo aliyelia kwamba bajeti inaumwa ndiye aliyekuwa akisahau kudai viti vilivyobaki kwenye misiba. Ukimkumbusha alikuwa mkali: "Kwani wameshamaliza kukaa matanga?"

Sasa nifike kwenye kioo, maana bila kioo mtu hawezi kumwelewa.

Karibu na stendi ya mabasi ilifunguliwa ofisi nyingine ya kazi hiyohiyo, kubwa, ya mlango wa vioo na kiyoyozi. Mkurugenzi alivaa nguo za kutokea, akaenda kuitazama, akajifanya shangazi wa bibi harusi. Akarudi. Siku ile hakugonga ukuta hata mara moja, nikajua ameumia.

Kesho yake aligonga tangu asubuhi. Alikuwa amenunua kioo kikubwa cha saluni iliyofungwa, kirefu kuliko mimi, na kapeti la plastiki lenye sura ya vigae, na maua ya plastiki, na taa zile za Krismasi za kuwakawaka. Bajeti, alisema, imelala. Tulifanya kazi kutwa nzima. Kioo tulikisimamisha mkabala na mlango ili chumba kionekane kama viwili. Kapeti lilifunika sakafu yote mpaka kizingitini, akalipaka mafuta ya taa kidogo ling'ae. Nisiwe mchoyo: ilipendeza. Mimi mwenyewe nikaanza kupita pale bila shida yoyote, kwenda tu kuangalia kofia yangu imekaaje.

Wa kwanza kuvua viatu alikuwa mzee mmoja wa Kabungu. Alifika kukodi viti vya harusi ya mwanawe, akaona kile kinachong'aa chini, akarudi nyuma hatua moja, akavua gambuti zake, akaziweka nje kwa adabu na kuingia na soksi. Mkurugenzi akamwambia, "Ingia tu, baba, hapa ni ofisi." Mzee akasema, "Hapana, mama. Tusikuchafulie." Watu wetu wanaheshimu sakafu. Aliyemfuata aliona gambuti, naye akavua. Ikaja kamati nzima, wakavua wote. Kufika saa nne mlangoni kwa Mkurugenzi palikuwa na rundo la kandambili, gambuti na viatu vya kanisani, na ndani, kwa kuwa benchi ni fupi, akina mama walikuwa wamekaa chini kwenye kapeti na miguu wameinyoosha.

Sasa, mtaani kwetu, ukiona mchana rundo la viatu nje ya mlango na akina mama wamekaa chini, huulizi mara mbili. Muuza maandazi wa ng'ambo ndiye aliyeona kwanza, akafunga kanga kiunoni na kuanza kupita fremu kwa fremu. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni kununua nyuzi. Kurudi nikaona viatu, nikavua kofia. Nilisimama pale nje nimeinamisha kichwa, nikiwaza ni ndugu yake yupi, mpaka nikasikia mtu ndani anabishana kuhusu rangi ya vitambaa vya meza. Nikarudi kwangu taratibu. Lakini akina mama wa jumuiya walikuwa wameshafika na kilo za sukari na unga, na mmoja alikuwa ameanza wimbo.

"Pole sana, dada," wakamwambia wakimkumbatia. "Ni nani?"

"Nani nini?"

Tulicheka wiki nzima, naye alicheka kuliko wote. Unga aliurudisha. Sukari haikurudi, kila aliyekuja kuidai alikaribishwa chai.

Kilichofuata hakikuchekesha. Harusi za huku zina msimu: watu huoana wakishavuna na kuuza. Mvua zikianza harusi zinakwisha, na kinachomlipia kodi mtu wa maturubai hadi mavuno mengine ni misiba, ambayo haina msimu. Mvua za mwaka ule zilianza, harusi zikaisha, na wenye misiba hawakuja. Tuliona maturubai ya wenzetu wa stendi yamefungwa mpaka nyumba ya pili kutoka kwetu. Mwenye nyumba wetu, mtu mpole lakini mwenye kuhesabu, akaanza kupita na muuza simu mmoja aliyekuwa anatafuta fremu. Walisimama nje kwa Mkurugenzi wakionyeshana dari. Alikuwa anakwenda kuipoteza ile ofisi, na bila ile ofisi sijui angekuwa nani, wala yeye sidhani kama alijua.

Siku moja ya manyunyu nilikuwa mlangoni kwangu nakata kitambaa. Mwanamke akaja kutoka upande wa Magamba, kwa miguu, kanga kichwani, miguu ina tope mpaka magotini. Ulikuwa msiba, huhitaji kuambiwa. Akafika mlangoni kwa Mkurugenzi, akainama avue kandambili, akainua uso, akajiona kwenye kile kioo. Mzima mzima, na tope lake na macho yake yaliyovimba, na taa za Krismasi zinawakawaka pembeni. Akasimama hivyo. Kisha akaokota kandambili zake na kuondoka.

Mkurugenzi alimkimbilia. Alikuwa mnene na hakuwa mtu wa kukimbia, lakini alikimbia, bila kiatu, hadi kwenye reli, akamshika mkono. Sikuwasikia. Alirudi peke yake, amelowa, akanieleza bila mimi kumuuliza.

"Nimemwambia karibu, mama, rudi tuongee. Ameniambia, 'Asante. Lakini pale kwako ni pa wenye furaha.'"

Aliingia ndani. Halafu akagonga ukuta. Safari hii hakutumia kiatu, alitumia kiganja.

"Fundi. Njoo tukitoe hiki kioo."

Kuanzia hapo ndipo alipofanya kazi ambayo mimi hadi leo nashindwa kuisimulia bila kucheka, ingawa haikuwa ya kuchekesha. Alijifunga kanga kichwani, akatoka nje hadi barabarani, akarudi polepole, akaingia ofisini kwake kama mfiwa. Akakaa kwenye benchi. Akaangalia mbele, akaona macho yake yanakutana na nini. Akahamia kwenye kona, akaangalia tena. Alifanya hivyo siku nyingi. Watu wakaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama kichwa chake ki salama, nikawajibu kwamba kichwa ni kilekile.

Kisha akatundika shuka katikati ya chumba, yeye akakaa nyuma yake, mimi akaniketisha mbele kwenye lile benchi fupi.

"Sasa cheka."

"Nicheke nini?"

"Kamati ya harusi inacheka nini? Cheka tu, nisikie kama inaumiza."

Nikacheka. Mtu mzima, saa za kazi, suruali ya mteja begani. Nikasema ha ha ha.

"Inaumiza?" nikauliza.

"Inaumiza. Sogea karibu na mlango. Cheka tena."

Nikasogea, nikacheka tena. Wapita njia walianza kusimama. Alinisogeza mpaka benchi likawa karibu kabisa na barabara, ambako kicheko kinachanganyika na pikipiki na kengele za baiskeli. Akabadilisha shuka kwa blanketi. Nikacheka mpaka nikapata kwikwi, na hatimaye nikacheka kwelikweli, kwa sababu nilimwaza yeye kule nyuma amekaa na kanga kichwani kwa uzito wote ule.

"Hiyo ya mwisho imepungua," akasema. "Lakini shuka haitoshi na blanketi linanuka. Utanishonea pazia."

Pazia nililishona kwa mabaki ya turubai na vipande vya vitambaa vya kupambia kumbi, tabaka nzito, viraka vingi. Siku ya kulitundika tuligombana. Kitambaa kina upande mzuri na upande wa mishono. Nilitaka upande mzuri uelekee mlangoni, wateja wakiingia waione kazi yangu. Akakataa. Upande mzuri ukae nyuma, kwa wafiwa.

"Mkurugenzi, wenye harusi ndio wanaochagua mapambo. Unawaonyesha mishono?"

"Wenye harusi hawaangalii pazia, Fundi. Wanaangaliana."

Nikamwambia basi asimwambie mtu nani ameshona. Akasema hakuwa na mpango huo.

Nyuma ya pazia kulikuwa na dirisha lililozibwa kwa matofali tangu zamani. Alitaka lifunguliwe, tena literemshwe chini, hadi usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Mwashi alimwambia dirisha la chini namna ile ni la kupitishia mbuzi. Mwenye nyumba akakataa katakata. Bajeti nayo ikakataa. Lakini mke wa mwenye nyumba alikuwa akianika mpunga wake uani kwenye magunia, nusu unaishia mchangani, na Mkurugenzi alikuwa na turubai kubwa lililochanika ambalo halifai tena kwa shughuli. Akampa mke turubai. Dirisha likafunguliwa wiki ileile.

Kwenye taa, kwenye maua, kote akapunguza. Kapeti alilikata, akabakiza kipande chini ya meza yake mwenyewe, na sakafu ikarudi kuwa simenti inayokubali tope. Kioo alikiuza kwangu kwa mapatano ambayo bado nayalalamikia. Na kwa ajili ya kona ile ya nyuma alitafuta kiti gereji, kiti cha basi lililokufa, akakichomelea miguu, nami nikakivalisha kitambaa kipya. Kilitoka kiti kizuri kuliko vyote mtaani. Kina mgongo mrefu, kinakupokea.

Najua kwa kukitazama tu, kwa sababu hakuniruhusu kukikalia. Siku niliyomaliza kukishona niligeuka nijaribu kukaa, hata sijagusa, akanipiga na kanga.

"Ondoka hapo! Siku yako bado."

"Nimekishona mimi!"

"Ndiyo. Na anayechonga jeneza, hulala ndani aone kama linamtosha?"

Huo ukawa mchezo wetu kwa miaka. Nikiingia kunyanyua meza nilijifanya naelekea kule nyuma, naye akapiga kelele kutoka popote alipokuwa, "Siku yako bado, Fundi!" Yeye alikikalia kukijaribu, lakini baada ya hapo hata yeye hakukikalia tena. Mwenye nyumba alijaribu mara moja akafukuzwa na kodi yake mkononi.

Wafiwa walirudi kidogo kidogo. Yule mzee wa Kabungu alikuwa wa kwanza kukaa pale. Alifiwa na mdogo wake. Aliingia na gambuti zake miguuni, akapita nyuma ya pazia, akakaa muda mrefu bila kusema anataka viti vingapi, na Mkurugenzi hakumuuliza. Baadaye watu walianza kuambizana. Muuza simu akapata fremu kwingine. Wale wa stendi bado wapo na kiyoyozi chao na wana kazi nyingi, sitaki kusema uongo, lakini mvua zikianza Mkurugenzi hakuogopa tena kodi. Mimi nilipomwuliza siri ya kile kijichumba ni nini, alisema hakuna siri, macho ya mtu yapewe tu kitu kisichomuuliza maswali. Nikaenda kuchungulia dirishani, kwa kusimama, kwa kuwa kukaa nimekatazwa. Nikaona turubai lililochanika, mpunga, na kuku wa mwenye nyumba wanaiba. Nikamwambia kama hiyo ndiyo tiba, basi hata kwangu waje.

Nilihama pale nilipomaliza kajumba kangu njia ya Magamba. Cherehani nikahama nayo. Tukawa tunaonana kanisani na sokoni. Alikuwa ameanza kutembelea fimbo kwa ajili ya goti, na alinilaumu mimi, kwamba tangu nihame meza anaisukuma mwenyewe.

Mwaka huu mama yangu alifariki. Alikuwa amekula siku zake, watu waliniambia hivyo, nami nikawa nawajibu hivyohivyo. Mimi ndiye mkubwa. Tangu usiku nilikuwa napokea watu, napiga simu kwa ndugu wa Usevya, napanga nani achimbe na nani apike. Siku hizi turubai unakodi kwa simu, namba yake ninayo. Lakini asubuhi niliwaambia wadogo zangu naenda mjini mara moja, nikapanda pikipiki mwenyewe nikaenda.

Mbele, kwenye benchi fupi, kulikuwa na kamati ya harusi. Wamebanana, mmoja amesimama. Mkurugenzi alikuwa mezani na miwani yake. Aliinua uso akaniona mlangoni. Hakuniambia pole. Alishika fimbo, akainuka, akatangulia, akalifungua pazia kwa mkono.

"Leo kaa, Fundi," akasema.

Nikakaa. Kiti kile kina springi moja mbovu upande wa kushoto, jambo ambalo mfiwa hana nafasi ya kulilalamikia na fundi wake hakuwahi kupewa nafasi ya kulijua. Mbele yangu pazia lilikuwa limeshuka, na sikuona mshono hata mmoja. Kazi safi, viraka vimelala, nyuzi zimenyooka. Nilikuwa nimesahau kwamba nilishona vizuri namna ile. Dirishani, usawa wa macho yangu, mpunga ulikuwa umeanikwa, na kuku wanakuja, wanafukuzwa na upepo wa turubai, wanarudi.

Akaniletea maji kwenye kikombe cha bati. Upande wa pili wale wa kamati wakaangua kicheko, sijui nani alikuwa amesema nini. Kikanifikia kwa mbali, kimechanganyika na barabara. Mkurugenzi akanitazama usoni.

"Inaumiza?"

Nikatikisa kichwa. "Haiumizi."

Nikaanza kumweleza ninachohitaji, maturubai mangapi, viti, masufuria. Akaniwekea mkono begani.

"Gari limeshatoka hapa, mmepishana njiani. Nilisikia usiku. Saa hizi wanafunga."

"Sasa, Mkurugenzi, si ungeniambia kwa simu nisije?"

"Ningekuambia usije, ungekaa wapi?" akasema, akarudi kwa wenye harusi, na fimbo yake nikaisikia ikigonga simenti.

Nilikuwa sijalia tangu usiku. Nililia pale, nimeegemea kiti cha basi, huku nawaangalia kuku wa mwenye nyumba wakimaliza mpunga wake, na wala sikuwafukuza.